UCHUMI WA NYUMBA: Jembe Lenye Jina la Duka



Ndugu wasomaji, katika barua zilizotufikia mwezi huu iko moja iliyotoka Sola, katika mkoa wa Simiyu. Imeandikwa na kijana wa miaka kumi na minane, kwa hati nzuri na kwa adabu, na khabari yake ni ya jembe. Huenda msomaji wa mjini akasema jembe si jambo la kuandikiwa makala. Lakini twamwomba asubiri kidogo. Nyumba nyingi za nchi yetu hula kwa jembe, na wale wasiolishika kwa mikono yao hula jasho la walioshika. Tena aliyoyauliza kijana huyu huingia katika kila chombo tununuacho, kuanzia nyundo mpaka kisu cha jikoni.

Anasema kwamba mwaka jana, kabla ya mvua, baba yake alimtuma Bariadi kununua majembe matatu, kwa ajili ya baba, mama na yeye mwenyewe. Katika duka alilolizoea akaonyeshwa majembe ya namna mbili. Namna ya kwanza yalikuwa na chapa ya kiwanda ijulikanayo na watu tangu zamani. Ya pili yalipakwa rangi nyekundu, na juu yake imebandikwa karatasi yenye jina la duka lenyewe. Haya ya duka yalikuwa rahisi kwa theluthi moja. Mwenye duka ni Mwislamu, mtu wa msikitini, naye alimwambia, "Chukua haya, mwanangu, ni yale yale." Kijana akachukua matatu.

Mawili yakalima mpaka mwisho wa msimu bila taabu. La tatu, lililokuwa mikononi mwa mama yake, likajikunja shingoni katika juma la pili la palizi ya pamba. Wakakaa siku nne wakingoja siku ya mnada wapate jingine, na katika siku nne hizo majani yakaipita pamba. Nyumbani kukawa na maneno. Baba akasema, "Mchagua jembe si mkulima," akimaanisha kwamba lawama ni ya mkono wala si ya chombo. Mama akajibu kwamba rahisi ni ghali, na kwamba aliyesema ni yale yale alisema uongo. Naye kijana akabaki katikati. Anatuuliza mambo matatu. Je, vyombo vyote vyenye jina la duka ni vibovu? Mtu atambuaje kizuri na kibaya kabla ya kutoa fedha? Na je, ni haki kumrudishia jembe mtu ambaye husimama naye safu moja, hali karatasi ya risiti imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi?

Maswali haya ni mazuri, nasi tutayajibu moja baada ya moja kwa kadiri ya tujualo.

JINA LA DUKA NI NINI?

Kwanza yatupasa kufahamu kwamba duka halifui chuma. Jembe lenye jina la duka limefuliwa na kiwanda, na mara nyingi kiwanda hicho ki mbali, nchi za ng'ambo. Mfanya biashara huagiza mzigo, akataka utiwe rangi aipendayo na jina lake, kisha akauuza kama wake. Katika hayo hapana hila yoyote. Ni biashara iliyo wazi, na faida yake yaonekana. Hana gharama ya kuitangaza chapa ya mtu mwingine, na kwa hiyo aweza kuuza kwa bei ndogo.

Mfano mashuhuri wa jambo hili uko Marekani. Kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago ilianza mwaka 1927 kuuza vyombo vya mkono kwa jina la Craftsman. Sears haikuwa na kiwanda chake cha kufua spana na nyundo hizo. Zilitengenezwa na viwanda mbalimbali kwa agizo lake. Hata hivyo jina hilo likapata sifa kubwa kwa muda wa miaka mingi, na sababu moja kubwa ilikuwa ahadi: chombo cha mkono kikivunjika, mwenyewe akilete dukani apewe kingine bila malipo, wala hapakuwekwa mpaka wa miaka. Mwaka 2017 jina hilo liliuzwa kwa kampuni ya Stanley Black & Decker. Basi fikirini, ndugu zangu: neno Craftsman, ambalo halikuwa kiwanda, likawa ni mali ya kuuzwa na kununuliwa. Lililolipa thamani ni kwamba mwenye duka alisimama nyuma ya chombo chake siku kilipovunjika.

Upande wa pili, chapa za viwanda nazo zina tarehe yake katika nchi zetu. Zamani za mababu, majembe ya Usukuma na Unyamwezi yalitoka kwa wafua chuma wa Kirongo, katika nchi ya Uzinza upande wa Geita. Walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivuo, wakafua majembe yaliyochukuliwa mpaka Tabora, na watu wakayatoa hata katika mahari. Baadaye yakaja majembe ya Ulaya. Kiwanda cha Chillington cha Wolverhampton, Uingereza, kikajulikana kwa majembe yenye chapa ya mamba. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Tanzania nayo ikapata kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kwa msaada wa China, na baadaye kikajengwa cha Zana za Kilimo Mbeya. Katika zama zote hizo mkulima alijua jembe lake limetoka wapi. Mfua chuma wa Kirongo aliweza kufuatwa kwake na kuulizwa. Leo karatasi nyekundu humjulisha mnunuzi jina la muuzaji tu, na jina la mfuaji hulificha.

Hapa ndipo penye shida hasa. Mfanya biashara aweza kuagiza mzigo wa mwaka huu kwa kiwanda kimoja, na wa mwaka ujao kwa kiwanda kingine kilichompa bei nafuu zaidi, na jina likawa lile lile na rangi ile ile. Kwa hiyo jina la duka halisemi neno la hakika juu ya chuma kilicho ndani yake. Kwa sababu hiyo twamjibu kijana wetu swali lake la kwanza: la, si vyote vibovu. Na ushahidi anao mwenyewe nyumbani, yaani majembe mawili yaliyolima msimu mzima. Lakini asihukumu kwa jina. Akihukumu jembe, na alihukumu moja moja.

WALA CHAPA KUBWA SI KINGA

Mtu asije akadhani kwamba njia ya salama ni kununua chapa mashuhuri tu. Chapa yenye sifa ndiyo inayoigwa na wadanganyifu, kwa kuwa hapana mwizi aigaye jina lisilo na soko. Serikali yetu ilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa mwaka 1963, ikaanzisha Shirika la Viwango, TBS, mwaka 1975, na katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikaiweka Tume yenye kazi, miongoni mwa kazi zake, ya kuwapinga wauza bidhaa za bandia. Lakini askari hawezi kusimama katika kila mnada. Jicho la mnunuzi ndilo askari wa kwanza.

JINSI YA KULIPIMA JEMBE

Chuma kifaacho kwa jembe ni chuma cha pua, ambacho wazee wa pwani walikiita feleji. Tofauti yake na chuma laini ni kiasi cha kaboni kilichomo. Chuma laini kina kaboni kidogo mno, na chuma cha zana za kukatia au kulimia huwa nayo kiasi cha nusu ya sehemu 1 mpaka karibu na sehemu 1 nzima katika 100. Kiasi hicho ni kidogo machoni, lakini ndicho kinachokifanya chuma kikubali kutiwa maji. Mfuaji hukipasha moto mpaka kiwe chekundu, akakizamisha ghafula kikawa kigumu. Kisha hukirudisha katika moto mdogo kipunguze ukali, kisije kikawa kama kioo. Jembe lililotiwa maji bila kurudishwa motoni hukatika likipiga jiwe. Lisilotiwa maji kabisa hujikunja, na makali yake hulala siku ile ile. Jembe jema li kati ya hayo mawili.

Basi mnunuzi atayajuaje hayo, naye amesimama dukani? Twamshauri afanye haya.

Kwanza, aangalie chini ya rangi. Rangi nzito ni kama kanzu mpya: yaweza kumvaa mtu mwema, na yaweza kumvaa mwizi. Atazame hasa shingo, yaani pale ubao wa jembe unapokutana na tundu la mpini, au na mkia wake kama ni jembe la mkia. Jembe bora hufuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, na shingo yake huwa nene, ikipungua kidogo kidogo kuelekea makali. Akiona mstari ulioinuka, au vipele vya kuchomelea vilivyofunikwa kwa rangi, ajue kwamba vipande viwili vimeunganishwa. Si kila kiungo ni kibaya, lakini mahali hapo ndipo penye nguvu zote za mkulima, na kiungo dhaifu hakitamngoja amalize palizi.

Pili, asikilize. Alining'inize jembe kwa kidole au kwa uzi, aligonge kwa kipande cha chuma. Jembe zima lililotiwa maji vizuri hulia kwa sauti nyembamba inayoendelea kitambo. Lenye ufa hulia kwa sauti fupi iliyokufa, kama chungu kilichopasuka. Wanawake zetu hupima vyungu kwa njia hiyo hiyo tangu zamani, wala hapana aliyewafundisha kitabuni.

Tatu, achukue tupa ndogo. Aombe ruhusa ya mwenye duka, kisha apitishe tupa kidogo tu penye makali. Tupa ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, chuma ni kigumu kupita kiasi. Ikizama na kung'oa kwa urahisi kama inavyong'oa msumari wa kawaida, chuma ni laini. Ikishika kwa shida, ikitoa unga mdogo, hiyo ndiyo alama njema. Mwenye duka anayeiamini mali yake hatakataa, na anayekataa naye amekwisha kukupa khabari.

Nne, alitie katika mizani. Majembe mengi huuzwa kwa uzito wa ratili, nalo jembe la ratili 3 hukaribia kilo 1 na gramu 360. Mizani imo dukani, hupimia sukari na misumari. Jembe lililoandikwa ratili 3 likakosa robo ya uzito wake, wamekupunja chuma. Kupunja kwa namna hii ni jamii moja na kupunja vipimo, ambako Surat al-Mutaffifin imekuja na onyo lake kali.

Tano, alitazame kwa urefu wake kama fundi atazamavyo ubao, aone kama limenyooka, na kama tundu la mpini ni duara lililo sawa. Tundu lililopinda hula mipini, na mpini unaolegea humchosha mtu kabla ya saa nne ya asubuhi.

Neno la sita halihusu chuma, lakini lina uzito. Jembe alipime atakayelitumia. Katika barua hii mama ndiye aliyepata jembe lililovunjika, na hapana mtu aliyemwuliza kabla ya kununua kama alitaka la ratili 3 au la ratili 2 na nusu. Twajua sote kwamba sehemu kubwa ya palizi huwa mikononi mwa mama zetu na dada zetu. Kumchagulia mtu chombo cha kumtia jasho siku nzima bila ya kumwuliza si ukarimu, ni kusahau.

HESABU YA THAMANI

Sasa tuje katika bei, maana baba na mama wa kijana huyu wote wawili wamesema kweli nusu nusu.

Tuseme, kwa mfano tu, jembe la chapa ni shilingi 13,500, na la duka ni shilingi 9,000. Jembe la chapa likidumu misimu minne, kila msimu umekugharimu shilingi 3,375. La duka likidumu misimu miwili, kila msimu ni shilingi 4,500, nawe umepata hasara huku ukidhani umeokoa. Lakini likidumu misimu mitatu, kila msimu ni shilingi 3,000, na hapo la duka ndilo bora. Kanuni yake ni nyepesi kukumbuka: chombo cha bei ya theluthi mbili hakina budi kuishi zaidi ya theluthi mbili ya umri wa mwenzake, ndipo kiitwe rahisi.

Tutazame tena mambo ya nyumba hii yenyewe. Majembe matatu ya duka ni shilingi 27,000. Matatu ya chapa ni shilingi 40,500. Moja la duka likavunjika, wakanunua jingine kwa 9,000, jumla ikawa 36,000. Kwa fedha za dukani peke yake bado wamebakiwa na shilingi 4,500. Ndiyo maana baba haoni kosa. Lakini ziko wapi siku nne za palizi? Wakulima wa Simiyu hupanda pamba tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Disemba, na mche mchanga ukipitwa na majani katika majuma yake ya kwanza hauupati tena ule wakati. Mkono mmoja uliokaa bure siku nne, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, na pamba iliyodhoofika, hayo hayaenei katika shilingi 4,500. Ndiyo maana mama anaona hasara. Baba alihesabu bei, mama akahesabu kazi. Hesabu ya haki huzitia zote mbili.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Mwenye fedha kidogo asione haya kununua cha bei ndogo, bali akinunue mapema, mwezi mzima kabla ya mvua, akitie mpini, akilimie bustani ya nyumbani au kuchimba shimo la takataka, akitazame. Chenye aibu kitajitokeza hali mnada ungali karibu na pamba haijapandwa. Na kile alichookoa katika bei asikile chote, bali aweke jembe moja la akiba. Nyumba yenye majembe matatu na mikono mitatu, bila ya akiba, imejiweka rehani kwa chuma.

Vilevile si vyombo vyote vya kuhukumiwa kwa kanuni moja. Reki, beleshi la mchanga, au ndoo ya zege, vikiharibika hasara yake ni fedha tu. Lakini nyundo, shoka na patasi vikivunjika huruka. Mwandishi wa safu hii alipata kununua nyundo ya duka fulani kwa sababu ya urahisi wake. Siku ya tatu kichwa chake kilichomoka kikapita karibu na sikio la mtoto aliyekaa kizingitini. Mtoto, alhamdulillahi, hakuguswa. Tangu siku ile sinunui chombo cha kupigia pasipo kukishika kichwa chake na kukitikisa mara kumi, wala sitazami bei kabla ya kufanya hivyo.

KUMRUDISHIA NDUGU YAKO

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo zito, kwa kuwa ni swali la watu zaidi kuliko la chuma.

Mafundisho ya dini yetu katika jambo hili yako wazi. Imesimuliwa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Tazameni vizuri: mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lake lilikuwa kuufunika. Basi na rangi nyekundu juu ya kiungo ni namna ya kuweka nafaka kavu juu ya iliyolowa, ikiwa muuzaji anajua.

Lakini je, alijua? Hapa twamwonya kijana wetu na mama yake wasikimbilie neno uongo. Mfanya biashara anayefungua kasha la majembe mia hatazami shingo ya kila moja. Yamkini alisema ni yale yale naye akiamini hivyo. Kosa lake, kama lipo, ni kusema asilolichunguza. Dhana mbaya nayo ni ghushi, maana ni kumuuzia nduguyo lawama usiyoipima.

Ama haki ya kurudisha, hiyo ipo. Wanavyuoni wa fiq'hi wameiita khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo katika mali kabla haijamfikia, naye hakuijua, ana khiyari ya kuirudisha na kuchukua thamani yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika Afrika ya Mashariki, sharti lake ni kufanya haraka. Ukiiona aibu, acha kukitumia chombo na ukirudishe. Ukiendelea kukitumia hali unajua, umekubali. Kwa nyumba ya Sola, jembe lilipojikunja lilipaswa kupelekwa dukani siku ile ile walipokwenda kununua jingine, si kutupwa nyuma ya jiko kwa miezi. Ikiwa kuna shaka juu ya muda uliopita, na wamwulize sheikh wao aliye karibu nao. Lakini hata haki ikiwa imepita, mlango wa ihsani haujafungwa. Mtume amemsifu mwenye kumkubalia nduguye kuvunja biashara aliyoijutia.

Na yale maneno ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi? Maneno hayo yafaa kumzuia mtu aliyebadili moyo tu, aliyetamani rangi nyingine baada ya kufika nyumbani. Lakini hayageuzi kibovu kuwa kizima. Hata sheria ya nchi, ile ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mtu anapouziwa kitu kwa kazi ijulikanayo na muuzaji mwenye kuuza vitu hivyo, kitu kile chapasa kuifaa kazi ile. Na jembe lisiloweza kulima si jembe.

Tena mnunuzi naye ana amana. Kabla ya kwenda dukani ajiulize kwa haki: je, jembe hili lililimia tu, au lilitumika kung'olea kisiki na kubandulia mawe? Mpini ulikuwa imara? Kama sisi ndio tuliolivunja, kulirudisha kwa jina la aibu ni kumla mtu mali yake.

Haya ndiyo tuliyomwandikia kijana kwa barua kabla ya gazeti kuchapwa, tukamwomba alipeleke jembe kwa fundi chuma kwanza, kisha kwa mwenye duka, faraghani, baada ya sala, si mbele ya wateja. Jibu lake limetufikia. Fundi alilipitisha katika jiwe la kunolea linalozunguka. Cheche za ubao zilikuwa nyingi, fupi, zenye kupasuka kama maua, dalili ya chuma cha pua. Lakini cheche za tundu zilikuwa ndefu na chache, dalili ya chuma laini. Shingo ilikuwa imechomelewa na kufunikwa kwa rangi. Kisha akayatazama yale mawili mazima: yote yalikuwa ya kipande kimoja. Jina lilikuwa moja, karatasi moja, na ufuaji wa namna mbili.

Mwenye duka, anaandika kijana, kwanza alikionyesha kidole kwenye maneno ya risiti. Kijana hakubishana. Aliliweka jembe juu ya meza karibu na jingine zima, akamwonyesha shingo. Yule bwana akaitazama kitambo, akanyamaza, kisha akaingia ghalani na kutoka na majembe sita mengine yenye mstari ule ule. Akampa kijana jembe la kipande kimoja. Yale sita akayaweka kando, akasema atawauliza waliomletea mzigo.

Hatujui waliomletea watamjibu nini. Lakini twajua kwamba mama sita wa Simiyu hawatavunjikiwa na jembe katikati ya palizi, kwa sababu kijana mmoja alisema neno lake kwa upole. Angalinyamaza kwa jina la udugu, angalikuwa amemwacha nduguye aendelee kuuza madhara asiyoyajua, na katika hilo hapana udugu.

Basi turudi kwenye methali ya baba. Mchagua jembe si mkulima: ni kweli kwa yule anayechagua ili asilime, ambaye kila jembe kwake ni zito na kila shamba lina mawe. Lakini anayechagua ili alime, akaligonga, akalipima, akamwuliza atakayelishika, huyo hatukanwi kwa methali hii. Twamwomba baba wa Sola, kwa heshima zote, msimu ujao aende Bariadi pamoja na mwanawe, na mama wa nyumba awe kati yao, tupa mfukoni.

Wassalaam.